Daftari la Mechi

Mechi ya kwanza tulifungwa nne bila
na wale wa ualimu, Tononoka, jua la saa nane,
nikaandika kwa kalamu nyekundu
kwa sababu nyeusi Badi alikwenda nayo darasani.
Sikucheza. Mimi ni kipa wa akiba,
na kipa wa akiba kazi zake ni tatu:
kufua jezi, kukata machungwa,
na kuandika.

Kocha wetu, Mwakideu, hufundisha mabomba.
"Mpira ni maji," husema, "hutafuta mwanya."
Tukacheka. Mechi ya pili maji yakatafuta mwanya
baina ya miguu ya Shee, langoni, mara mbili.

Milingoti yetu waliichomelea wanafunzi wa mwaka wa pili,
mmoja umeupita mwenziwe kwa vidole vitatu.
Wageni walalamika, refa apima kwa kiatu,
asema mshazari huu ni wa wote, chezeni.

Ndipo akaamka Tsuma.
Namba saba, mwembamba kama ufito,
mtu wa Rabai, akilala kwa shangaziye Mikindani,
akija Changamwe kwa miguu ili nauli iwe chakula.
Aliwafunga wauguzi mawili, wahasibu moja,
lile la wahasibu alianguka kwanza, akafunga akiwa chini.
Kwa wiki tatu tulikuwa watu.
Mama wa viazi karai alituongezea kimoja kimoja,
na wasichana wa ushonaji walijua majina yetu,
hata mimi, ila waliniita "yule wa machungwa."

Ramadhani ikaingia.
Tulicheza saa kumi na moja, midomo chaki tupu;
Wekesa na Mutiso nao hawakunywa mbele yetu,
wala hakuna aliyewaambia.
Kule Likoni adhana ilitukuta dakika ya themanini na mbili.
Refa akapuliza, akatoa tende mfukoni.
Nimeandika: moja kwa moja, dakika nane tunadai.

Kisha orodha ikabandikwa mlangoni kwa msajili.
Asiyelipa karo hafanyi mtihani,
asiyefanya mtihani si mwanafunzi,
asiye mwanafunzi havai jezi.
Mstari wa kumi na nne: Tsuma Mwaringa.
Hakuaga. Namba saba ililetwa na mdogo wake
ndani ya mfuko wa unga, imefuliwa,
imepigwa pasi mpaka mikunjo yasimama.

Tukafungwa. Tukafungwa tena. Sitaki kusimulia;
iko ukurasa wa tisa, wino umechuruzika,
na siku hiyo haikunyesha.

Ya mwisho ilikuwa kwetu, nyuma ya karakana.
Kushindwa ni kushuka daraja, sare ni kubaki.
Shee alikuwa na mtihani wa vitendo, nyaya na fyuzi,
nikavaa glavu ambazo mwaka mzima nilizianika tu.
Walinifunga dakika ya sita.
Mpira wenyewe sikuuona, niliusikia.

Dakika ya tisini beki wao aliubutua nyuma, ukaruka ua,
ukaangukia barabarani kati ya malori ya kontena.
Tukashika viuno. Mpira ulikuwa huo mmoja.
Mtu mwenye kizibao cha kung'aa, cha wapakiaji,
aliuwahi kabla ya mtaro.
Hakuurusha. Aliupiga, mguu wa kushoto,
juu ya waya, ukatua penye kibendera,
na Badi hakungoja mabeki wamalize kugombana:
kona, kichwa cha Mwachiro, wavu.

Nilikimbia uwanja mzima na glavu zangu.
Nilipofika uani alikuwa ameshaitwa kazini;
niliona mgongo, na mistari miwili ya fedha.

Usiku nikafungua daftari.
Chama chataka mfungaji, dakika, mtoa pasi.
Mfungaji: Mwachiro. Dakika: tisini.
Penye pasi nikaandika: namba saba.
Katibu akaniuliza, saba yupi? Hamna saba.
Nikamwambia yumo, tazama vizuri,
hapo Badi alikuwa amenirudishia kalamu nyeusi.